Kumfundisha grehaundi mchanga kukimbiza chambo: atuzwe lini, na kwa kitu gani?

Mama Wawili, Leicester

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaishi hapa Leicester, Uingereza, na mwaka jana mimi na mume wangu tulichukua grehaundi (mbwa wembamba wa mbio) wawili wachanga, ndugu wa tumbo moja waliozaliwa Ireland, dume na jike, ambao sasa wanakaribia kutimiza miezi kumi. Hatuna nia ya kuwaingiza katika mbio za kamari. Tunachotaka ni kuwapeleka kwenye viwanja vya burudani ambako mota huvuta kamba, kamba ikaburuta vipande vya plastiki nyeupe, ndivyo chambo chenyewe, juu ya majani, na mbwa akavikimbiza kwa sababu kukimbiza ndiko alikoumbiwa. Nimekwisha kuanza kuwachezesha bustanini kwa fimbo ndefu yenye kamba na kitambaa kwenye ncha yake, na hapo ndipo maswali yangu yanapoanzia.

Dume hukimbiza kitambaa kwa nguvu zake zote, lakini kikitulia tu hugeuka akaenda kunusa ua. Jike yeye huenda vizuri mpaka akabakiza hatua mbili tatu, kisha hupunguza mwendo na kusimama akikitazama. Nikiwa na vipande vya kuku, wote wawili huacha kitambaa na kuutazama mfuko wangu.

Naomba kueleweshwa. Je, mbwa aachwe akamate chambo kila mara, au akoseshwe ili hamu izidi? Zawadi yake iwe chakula, maneno mazuri, au chambo chenyewe? Ni umri gani unaofaa kumpeleka kwenye mota? Na kuna mfugaji mmoja wa zamani aliyeniambia kwamba grehaundi ambaye hajaonja sungura hai hatakimbiza plastiki kwa moyo. Maneno hayo yameninyima raha, na ningependa kujua kama yana ukweli wowote.

Mlezi wa Tipperary

Dada, nashukuru kwa kuuliza mapema, kabla hawajafika uwanjani. Nimefanya kazi miaka mingi katika mabanda ya kulelea grehaundi huku Tipperary, Ireland, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, nikianza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Si kweli hata kidogo. Grehaundi huwinda kwa macho, na kinachomwasha ni kitu kinachomkimbia, wala hahitaji damu wala harufu ya nyama ili aanze kukifuata. Sungura wa bandia si jambo la jana: mwaka 1876 kulifanyika jaribio Hendon, karibu na London, la kumburuta sungura wa bandia katika njia iliyonyooka, na mwaka 1919 Mmarekani Owen Patrick Smith alifungua kule Emeryville, California, uwanja wa mviringo wenye chambo cha mashine, baada ya kuhangaika kwa miaka kadhaa kutafuta namna ya kuwashindanisha mbwa pasipo sungura kuuawa. Chambo cha aina hiyo kilifika Uingereza tarehe 24 Julai 1926, katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, na tangu hapo vizazi kwa vizazi vya grehaundi vimekimbiza vitambaa na midoli kwa moyo wote. Grehaundi Mick the Miller, aliyeshinda Derby, mbio kuu za grehaundi za Uingereza, mwaka 1929 na tena mwaka 1930, alishinda akikimbiza kitu kisicho na uhai.

Zaidi ya hayo, jambo alilokushauri mfugaji huyo ni ukatili na ni kosa la jinai. Kwenu Uingereza, kuwashindanisha mbwa kwa sungura hai kumekatazwa na Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, na kumfunga mnyama hai awe chambo ni kumtesa kwa maana yoyote ya sheria. Huku Ireland kuwashindanisha mbwa kwa sungura hai bado kunaruhusiwa, mbwa wakiwa wamefungwa midomo tangu mwaka 1993, nami siungi mkono jambo hilo. Mwaka 2015 kipindi kimoja cha televisheni ya taifa ya Australia kilionyesha wakufunzi wakiwafunga sungura, vitoto vya nguruwe na posamu wakiwa hai kwenye mashine za chambo. Wakufunzi kadhaa walizuiwa maisha kushiriki mchezo huo, na mwaka uliofuata jimbo la New South Wales lilitangaza kuupiga marufuku mchezo wote kabla ya kubadili uamuzi huo. Mtu anayekuambia kwamba mbwa hawezi kujifunza bila kuua anakueleza upungufu wa ufundi wake. Usirudi kwake kwa ushauri.

Sasa tuje kwenye zawadi. Kwa mbwa huyu, kukimbiza kwenyewe ni zawadi, na ndiyo maana chakula kinavuruga. Ukimwonyesha kuku katikati ya mchezo unamwambia kwamba kazi iko mfukoni mwako, naye ana akili, atakuamini. Weka kuku mbali kabisa mpaka mchezo umalizike na kitambaa kifichwe. Hapo kuku atakuwa na kazi nyingine, ya kumfundisha mbwa kuja unapomwita.

Hata hivyo, kukimbiza peke yake hakumtoshi mbwa mchanga. Ni lazima mbio zifike mwisho anaouelewa, nao ni meno yake kukishika kile kitu. Kijibwa anayekimbiza na kukosa, siku baada ya siku, hujifunza mojawapo ya mambo mawili: ama kwamba kitu hakikamatiki, kwa hiyo hakuna haja ya kujichosha, ama kwamba njia ya kukipata ni kukata kona na kukivizia mbele. Tabia hiyo ya pili ikishaingia ni vigumu sana kuitoa. Kwa hiyo katika miezi hii mwache akamate kila mara, ila asikamate upesi. Mpe mzunguko mmoja au miwili mipana, kitambaa kikiwa mbele ya pua yake kwa umbali anaoona unawezekana, kisha kipunguze mwendo akifikie. Akishakishika, mwache akitikise na kukivutavuta, umsifu kwa sauti ya furaha, halafu mchezo uishe. Uishe angali anataka. Mbwa aliyechezeshwa mpaka akachoka huondoka akikumbuka uchovu, na kesho yake utamwona anakuja kwa kujikokota.

Dume wako hana kasoro. Chambo ndicho kinachomfia ghafla. Mnyama anayekamatwa hutapatapa, hujirusha, hujaribu kuponyoka kwa mara ya mwisho. Kitambaa chako kinakoma tu kama kitu kilichodondoka. Unapotaka akamate, usikisimamishe. Kiburute polepole, kipe mitikisiko midogo midogo ya ghafla ardhini, na akishakishika endelea kukivuta kidogo ili ahisi kuna ubishi mdomoni mwake. Utaona tofauti kubwa.

Jike anahitaji kuangaliwa zaidi. Kwanza kabisa mkague miguu: panua vidole kimoja kimoja utazame ngozi iliyo katikati yake, bonyeza nyayo kutafuta mahali panapouma, tazama kucha. Mbwa mwenye maumivu madogo hukimbia mbele bila wasiwasi lakini huogopa kufunga breki, na kukamata chambo ni kufunga breki. Akiwa mzima, basi tazama fimbo yako. Wengi huiinua juu mwishoni, na mbwa mwoga huona kitu kirefu kinapita juu ya kichwa chake; atasimama tu. Ishushe iwe karibu na nyasi, usimame ubavu badala ya kumkabili uso kwa uso, na umwache akiburute kitambaa akienda nacho. Mara nyingi kijibwa wa namna hii huwa hajui kama ana ruhusa ya kukichukua. Mpe ushindi wa rahisi, bila kelele nyingi, mpaka mashaka yamtoke.

Jambo la mwisho kwa leo: mizunguko iwe mipana, kitambaa kikae chini. Usimfanye aruke juu wala usimzungushe katika duara dogo kwa ajili ya kupiga video. Viungo vya umri huo havistahili mchezo huo.

Muuguzi wa Wanyama, Birmingham

Naunga mkono aliyetangulia, nami niongeze upande wa mwili, kwa sababu kwenye kliniki tunawaona wale ambao mafunzo yao yaliharakishwa.

Mifupa mirefu ya grehaundi hukua kupitia tabaka laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na tabaka hizo hufunga kwa awamu, nyingi zikiwa zimefunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mbwa wa miezi kumi anaweza kuonekana mkubwa na mwenye misuli ilhali ndani bado anajengeka. Vyama vimeweka umri wa chini kwa sababu hiyo. Katika mbio zilizosajiliwa za Uingereza mbwa hashindani kabla ya miezi 15. American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, huruhusu mashindano ya chambo kuanzia miezi 12. Na katika nchi zinazofuata kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, grehaundi husubiri mpaka miezi 18. Mimi ningewaacha wako wakimbie huru wao kwa wao katika eneo lenye uzio na majani laini mpaka watimize mwaka, huku mchezo wa fimbo ukiwa wa dakika chache tu na usiwe wa kila siku. Baada ya hapo waanze na mota katika njia iliyonyooka, mita hamsini au mia moja, na kona zije mwishoni kabisa.

Kona ndizo zinazovunja. Katika viwanja vya mviringo mbwa hukimbia kinyume cha mishale ya saa, uzito ukaelemea upande wa nje, na ndiyo maana mfupa wa kati wa kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia ndio unaovunjika mara nyingi kwa mbwa wa mbio. Uwanja wa burudani una kona za kulia na kushoto, jambo linalosawazisha mzigo, lakini kona kali kwenye majani yenye umande ni hatari kwa mbwa yeyote. Nenda mapema, tembea njia yote kwa miguu yako, tafuta mashimo ya sungura na mahali penye utelezi, na usione aibu kusema mbwa wako hatakimbia siku hiyo.

Kuhusu chakula, kuna sababu nyingine ya kukiweka mbali. Mbwa wa kifua kirefu kama huyu anaweza kujaa gesi na tumbo likajipinda, na hali hiyo huua kwa saa chache. Asile mlo kamili saa kadhaa kabla ya kukimbia, na baada ya kukimbia asubiri mpaka kupumua kwake kumerudi kuwa kwa kawaida. Maji ya kunywa mpe kidogo kidogo. Joto la mwili wa grehaundi baada ya mbio moja ya nguvu linaweza kupita nyuzi 41, kwa hiyo mtembeze polepole, mmwagie maji tumboni na mapajani siku za joto, na usimfungie garini. Dakika kumi za kutembea kabla ya kukimbia zinasaidia misuli; dakika kumi baada yake zinasaidia zaidi. Ukiona anatembea kwa kukakamaa, misuli ya mgongo imekuwa migumu, au mkojo umekuwa na rangi ya kahawa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa misuli inayoharibika humwaga mabaki yake kwenye figo.

Mzaliwa wa Kindu, Dallas

Natoa maoni yangu nikiwa Marekani, ambako mchezo huu wa chambo uwandani umekuwa na chama chake tangu mwaka 1972, American Sighthound Field Association. Mbwa wangu ni basenji, asili yake kwetu Kongo, naye hukimbia siku moja na grehaundi ingawa si katika kundi moja. Waamuzi hutazama kasi, wepesi, ustahimilivu, hamu, na kama mbwa anafuata chambo kwa uaminifu.

Kwa heshima, sikubaliani na Mlezi wa Tipperary katika jambo moja. Kukamata kila mara kunafaa kwa kijibwa wa fimbo, lakini ukiendelea hivyo mpaka kwenye mota utapata mbwa anayevunjika moyo siku ya kwanza atakayokosa. Baada ya miezi michache ya ushindi, anza kuchanganya: mara akamate, mara chambo kimponyoke na kutokomea nyuma ya kichaka, kisha mbio inayofuata akamate tena. Mbwa asiyejua ni lini atapata huongeza juhudi. Muhimu ni kwamba mbio ya mwisho ya siku iwe ya kushinda.

Lakini mtu muhimu kuliko mkufunzi ni yule anayeshika swichi. Mashine nyingi za uwandani ni mota ya kuwashia gari, betri, na gurudumu la kukunjia kamba. Kamba hupita kwenye makapi, yaani vigurudumu vya kuongozea kamba, yaliyochomekwa ardhini mahali pa kona. Mwendeshaji mzuri haitazami plastiki, anamtazama mbwa, naye huiweka plastiki mbele yake kwa mita 10 hadi 30 hivi. Ikienda mbali mno kijibwa huacha kuiona na kuanza kuzungukazunguka. Ikiwa karibu mno ataikamata ikiwa katika kasi, na hapo ndipo shingo na vidole huumia. Mwambie waziwazi kwamba mbwa ni mgeni, umwombe aanze taratibu, na aisimamishe kamba kabisa mara mbwa anapoishika plastiki. Kamba inayokwenda kasi hukata ngozi kama wembe, na ngozi ya grehaundi ni nyembamba. Wewe mwenyewe usiiguse kamba kabla mwendeshaji hajakupa ishara.

Mbwa aanze kwa kutazama. Msimamishe mbali kidogo, amefungwa mkanda mpana wa shingoni, maana kichwa cha grehaundi ni chembamba kuliko shingo yake na mkanda wa kawaida huchomoka. Aone wengine wakikimbia, aisikie mota. Akianza kutetemeka na kulia kwa hamu, usimwachilie siku hiyo. Mrudishe nyumbani na hamu yake. Zamu yake ikifika, mara mbili kwa siku zinatosha. Hata kwenye mashindano yetu mbwa mkubwa hukimbia raundi ya kwanza na fainali, basi.

Mama Wawili, Leicester

Nawashukuru sana nyote. Nimeikagua miguu ya jike na nimekuta mpasuko mdogo katikati ya vidole vya mguu wa mbele, kwa hiyo nimemsimamisha mpaka apone. Dume nimemfanyia ile mitikisiko ya chini, na safari hii alikishika kitambaa akakataa kukiachia, jambo linalonipa maswali mawili ya mwisho. Nimtoeje kitambaa mdomoni pasipo kumwonyesha kwamba ushindi wake unaporwa? Na nikiwapeleka kwenye mota, wakimbie pamoja au mmoja mmoja?

Mlezi wa Tipperary

Pole kwa jike, na umefanya vyema kumpumzisha. Mpasuko wa namna hiyo ukikimbiwa juu yake hufunguka upya na kuchukua wiki nyingi.

Nakubali hoja ya ndugu yangu wa Dallas kuhusu kuchanganya, mradi isianze kabla hawajatimiza mwaka na kabla jike hajapata ujasiri wa kushika bila kusita.

Kuhusu kitambaa, usimnyang'anye kwa nguvu wala usimfukuze, maana akigundua kwamba kukimbia nacho ni mchezo mwingine utamfukuza bustani nzima. Mwendee taratibu, shika mkanda wa shingoni kwanza, tulia naye hapo, umpapase kifuani akiwa bado amekishika. Kitambaa kikishakufa kabisa mkononi mwako, bila mvuto wowote, yeye mwenyewe atalegeza taya. Hapa ndipo kuku anaporuhusiwa: akiachia, mpe kipande, kisha mara moja moja umrudishie kitambaa akitikise tena, ili ajue kwamba kuachia si kupoteza. Uwanjani fanya hivyo hivyo, ila umvalishe kamba ya kuongozea kabla hujagusa plastiki.

Kuhusu kukimbia pamoja, mmoja mmoja, kwa muda mrefu. Ndugu wa tumbo moja wanaofikia chambo kwa wakati mmoja hugombana juu yake hata kama nyumbani wanalala kitanda kimoja, na mbwa mchanga aliyeumwa mara moja wakati wa kukamata hujifunza kumtazama mwenzake badala ya chambo. Katika mbio rasmi mbwa anayemgeukia mwenzake huondolewa mashindanoni, na mara nyingi chanzo chake ni mafunzo ya namna hiyo. Kwa jike wako hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tayari anasita. Kaka yake akimtangulia kila mara, atamwachia kazi yote. Subiri mpaka kila mmoja amekimbia peke yake kwa miezi kadhaa, akafuata kamba yote bila kukata kona na akakamata bila kusita. Siku utakayowaunganisha wavishe vifunga mdomo vyepesi vya waya au plastiki, ambavyo uwe umewazoeza nyumbani mapema kwa kuwapaka siagi ya karanga kwa ndani, isiyo na xylitol (kitamu kinachotumika badala ya sukari) kwa kuwa hiyo ni sumu kwa mbwa. Mwombe mwendeshaji chambo kiwe na mafungu mawili ya plastiki, na watu wawili wawe tayari mwisho wa njia, kila mtu na mbwa wake.